Fundi Anajibu: Taa ya kulanti inawaka asubuhi za baridi, mchana inapotea

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu nakaa Lushoto, njia ya kwenda Irente, gari yangu ni ndogo ya Kijerumani nilinunua mkononi. Mwezi wa tano nilishuka nayo Tanga mjini kwenye semina, nilivyofika tu nikapitia gereji wakaniongezea kulanti, yale maji ya kupoza injini, mpaka mstarini, nikarudi zangu. Sasa toka baridi ya mwezi wa sita ianze, kila asubuhi nikiwasha inapiga mlio mara tatu na ile taa nyekundu yenye alama ya kipimajoto inawaka na kuzima, naenda nayo hivyohivyo mpaka shuleni, mchana nikiwasha kurudi haipo kabisa. Jirani anasema ni sensa, kile kifaa cha kupima kulanti, nikate waya niishi kwa amani. Fundi wa huku kafungua mfuniko wa oili kakuta kitu cheupe kama mtindi, kasema gasketi ya silinda hedi imeungua niandae hela ya kushusha hedi. Hela hiyo sina na sijui nimsikilize nani. Mwalimu, Lushoto.

JIBU: Marahaba mwalimu, poleni na baridi huko juu. Waya usikate, na hedi isiguswe na mtu mpaka tumalize haya maongezi.

Kulanti ikipata moto inatanuka na ikipoa inanywea, hiyo ni kawaida ya kila gari. Chukua gari yenye lita saba za kulanti, kutoka ubaridi wa alfajiri ya kwenu mpaka joto la injini iliyokwisha chemka kazini, digrii 90 hivi, ujazo unapanda zaidi ya robo lita, na kwenye vitenki vingi vya kulanti hiyo robo lita ikinywea inatosha kabisa kuitoa kulanti kwenye MAX, mstari wa juu, na kuishusha mpaka MIN, mstari wa chini, au chini yake. Sasa we umeshuka Lushoto mpaka Mombo, kilomita 33 za kona, alafu ukakamata lami mpaka Tanga, ukaingia gereji injini ikiwa moto na kulanti imetanuka, wakaongeza mpaka mstarini wakaona imejaa. Ile mistari ni ya kusoma injini ikiwa imepoa. Ikisomwa moto unadanganyika, unaona tenki zima kumbe usiku likipoa linashuka chini ya MIN, na sensa asubuhi inaona ukweli inapiga kelele. Ukishaendesha, injini ikapata moto, kulanti inapanda tena juu ya sensa, ndo maana mchana unaona kimya.

Utaniuliza mbona mwezi wa tano kule Tanga haikulia. Hapo ndo baridi inapoingia, lakini sio kwa ukubwa ambao watu wanaupa. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, injini ikilala usiku haipoi kivile, Lushoto mko kama mita 1,400 juu na Juni Julai alfajiri mnavaa makoti. Tofauti ya hapo inanywesha kulanti ya gari yako vijiko vitatu vinne vya chakula, basi. Vijiko vinne haviwezi kuwasha taa kwenye tenki lililojazwa sawasawa, vinawasha kwenye tenki ambalo lilishakaa pembeni kabisa ya MIN linasubiri kusukumwa. Kwahiyo baridi hainywi kulanti mwalimu, inakuonyesha tu kwamba ilikuwa pungufu toka mwanzo. Hilo nataka kila dereva wa milimani alishike, maana nawaona wengi wanasema aa ni baridi tu ikipita itaacha, kweli inaacha, alafu mwezi wa kumi gari inachemsha kwenye kona za Soni ikiwa imejaza watu.

Fanya hivi. Asubuhi kabla hujawasha, gari iwe sehemu iliyonyooka, angalia kitenki, alafu ongeza kulanti ya aina ileile iliyomo mpaka iwe kati ya MIN na MAX, usipitilize. Rangi peke yake isikudanganye maana kila kampuni inatia rangi yake, soma kwenye kitabu cha gari au kwenye dumu kama inafaa gari yako, ukichanganya aina zisizopatana inaweza kuganda tope la kahawia ndani na hilo tope linaziba rejeta na linaivuruga hata hiyo sensa. Na dumu lisome vizuri, kuna ya kumimina moja kwa moja na kuna nzito ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima achana nayo, hasa ya huku kwetu pwani, yana chumvi yanakula alumini ya ndani. Ukishajaza weka alama kwa kalamu ya maka pale kulanti ilipofika na kila asubuhi chungulia hiyo alama kabla ya kuwasha, wiki mbili. Isiposhuka basi ugonjwa ulikuwa ujazaji, umepona kwa bei ya dumu moja.

Ikishuka, inavuja, na hapa baridi inaweza kuwa na mkono wake kweli. Kuna uvujaji wa baridi, yani hozi ya mpira na bomba ambalo hiyo hozi imevishwa juu yake vyote vinasinyaa usiku, klipu iliyochoka haibani tena, inadondosha tone tone mpaka asubuhi, injini ikipata moto chuma kinatanuka kinabana na panakauka. Ukipeleka gereji mchana fundi anaangalia kote anakwambia hamna kitu na kweli anachosema ndo anachokiona. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku na asubuhi mulika tochi kwenye kila shingo ya hozi, utakuta alama nyeupe au ya rangi ya kulanti imekauka kama chumvi. Kingine, huko kwenu sasa hivi mnawasha hita ambayo mtu wa Ngamiani, huku Tanga mjini, hata hajui swichi yake ilipo, kama rejeta ndogo ya hita imetoboka zulia la mbele linalowa, kioo kinaweka ukungu wa mafutamafuta na unasikia harufu tamutamu ndani. Ukikosa vyote hivyo mwambie fundi afunge pampu ya kupimia presha ya rejeta injini ikiwa baridi, apige mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, aache robo saa aone kama mshale unarudi, hicho kipimo kinamaliza ubishi.

Na mfuniko wenyewe usiudharau. Unashikilia presha ili kulanti isichemke mapema, na huko Lushoto maji ya wazi sufuriani yanachemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100, sasa mfuniko uliolegea mlimani unaumiza mara mbili, kulanti inachemka mapema na inatoka kama mvuke bila kuacha alama chini. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja.

Sasa huo mtindi. Nasikitika jinsi watu wanavyotolewa hela kwa hili. Injini inapowaka inatengeneza mvuke wa maji, mwingine unapenya mpaka kwenye oili, na ikipata moto wa kutosha ule mvuke unatoka. Wewe unaendesha kutoka nyumbani mpaka shuleni, mwendo mfupi, baridi, injini haijapata moto vizuri ushazima, ule mvuke unagandia kwenye mfuniko wa oili maana ndo sehemu ya baridi, unachanganyika na oili unakuwa mweupe. Hiyo haitoshi kusema gasketi, ile sili ya kati ya hedi na injini, imeungua. Chomoa kijiti cha oili, kama oili ya chini kabisa ni safi, nyeusi au ya asali, haina maziwa, shukuru. Funga safari moja ndefu mpaka Mombo na kurudi alafu futa mfuniko uone kama unarudi kuwa mweupe haraka. Gasketi iliyoungua ina dalili zake, kijiti kinatoka na maziwa, mapovu yanatoka bila kukatika kwenye kulanti injini ikiunguruma, hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, na moshi mweupe wenye utamu ambao hauishi hata injini ikishakuwa moto. Moshi mweupe wa alfajiri unaoisha baada ya dakika kadhaa ni mvuke tu. Kama fundi bado anashikilia hedi, mwambie apime kwanza kwa ile dawa inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya eksozi kwenye rejeta, akikataa kupima tafuta mwingine.

Sensa nimeiacha mwisho makusudi. Inaweza kuharibika ndio, kuna za boya ambalo linakwama na kuna za vichuma viwili ambavyo vikishika tope havisomi, na soketi yake ikipata kutu ya kijani inasema uongo, magari yaliyokaa huku pwani kwenye hewa ya chumvi hiyo naiona sana. Lakini sensa unaihukumu pale ambapo umeona kwa macho yako kulanti iko juu ya MIN injini ikiwa baridi na taa bado inawaka. Kabla ya hapo unamuua mjumbe.

SWALI: Habari za kazi mzee. Napiga lori la mboga, napakia Lukozi usiku nashusha Dar. Alamu ya maji inalia nikiwa nakata zile kona za kushuka saa kumi alfajiri, nikifika Mombo inakaa kimya mpaka safari ijayo. Tajiri anasema niendelee tu. Dereva, Lukozi.

JIBU: Nzuri kijana wangu. Tenki la lori ni kubwa, maji yakiwa karibu na kiwango cha chini kila kona yanakimbilia upande mmoja na sensa inabaki hewani sekunde kadhaa, na alfajiri yakiwa yamenywea ndo mbaya zaidi. Kwahiyo kwako ni upungufu mpaka ithibitike vingine, jaza ikiwa baridi kabla ya kupakia na ufuatilie kila safari imeshuka kiasi gani, umwandikie tajiri kwenye daftari la gari ili siku ya siku usiambiwe hukusema. Kama inashuka kila safari mwambie fundi aangalie wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, kale katundu ka chini kakiwa na mchirizi sili imekwisha.

Na ikitokea imechemsha mlimani nakuomba sana, usifungue mfuniko. Zima, kaa mbali, subiri mpaka hozi ya juu uishike kwa mkono bila kuruka, nusu saa na zaidi, maji yenye presha yanaruka usoni yanababua mtu vibaya. Na usimwage maji ya baridi ya mtoni kwenye injini kavu yenye moto, hedi inapasuka. Ile kulanti chafu ukiimwaga usiiache chini wala kwenye chupa ya soda, ni tamu na ni sumu, mtoto au mbwa akinywa inaua figo, na mbuzi hivyohivyo.

SWALI: Fundi mimi ni mama wa Bumbuli, kigari changu ni Toyota Vitz, asubuhi inawaka taa ya bluu yenye alama ya maji, baada ya muda inazima. Nimeongeza maji mpaka yanamwagika bado inawaka.

JIBU: Mama usiongeze tena. Ya bluu inakwambia injini bado baridi, endesha polepole usiikanyage mpaka izime, na huko Bumbuli mwezi wa saba itachukua muda. Yenye shida ni nyekundu, hiyo ikiwaka simama. Ila kama muda huo wote umeongeza maji matupu kulanti yako imeshakuwa nyepesi, ikipoa kabisa imwagwe yote kwenye beseni, ijazwe mpya, na uwashe hita wakati wa kujaza ili hewa itoke.