Jibu: Filamu ikirudiwa hufikia ile ya kwanza?
Dada, mara nyingi haifiki, lakini Don, filamu ya Kihindi, imefika. Ile ya 1978 ya Amitabh Bachchan, wazee wetu hapa Lamu wakianza kuisimulia barazani hawanyamazi. Ya 2006 ya Shah Rukh Khan ilinikamata mwishoni (kama hujaiona, ruka sentensi hii): tuliyedhani ni Vijay, yule anayefanana na jambazi Don na kujifanya yeye, kumbe ni Don mwenyewe! Hapo hata aliyeijua hadithi anashtuka.

The Lion King ya 2019 imeifuata mno ile ya katuni ya 1994. Simba wanaonekana wa kweli hasa, ila nyuso zao hazina huzuni. Mtoto anapomsukuma babake Mufasa aamke, ya katuni huniliza mpaka leo. Hii mpya niliitazama tu. Anza na Don zote mbili, ya zamani kwanza.