Kijana asisubirishwe Kiingereza ndipo aingie karakana

Dada, umesema kijana wako ana miaka 17, mmefika Marekani mwaka jana, na shule inataka Kiingereza chake kikae sawa kwanza ndipo aingie darasa la uchomeleaji. Nimekuwa msaidizi wa lugha kwenye karakana ya sekondari huku kwa miaka sita, wengi wa vijana wangu wakitokea Kongo na Burundi. Usikubali asubiri. Majimbo mengi yanamruhusu kusoma sekondari bure hadi miaka 21 tu, na miaka hiyo inakimbia.

Sheria iko upande wako. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumpa mtoto vitabu na mwalimu uleule wakati haelewi lugha si kumtendea sawa na wenzake. Miongozo ya elimu ya ufundi ya mwaka 1979 ikagusa jambo lako lenyewe: shule inayopokea fedha za serikali kuu isimfungie mwanafunzi mlango wa ufundi kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo. Wakikataa, waombe wakuandikie sababu.

Nikupe mfano. Mwalimu alimwambia kijana mmoja afunge "ground". Darasa la Kiingereza lilikuwa limemfundisha kwamba neno hilo ni ardhi, basi akachukua kibanio na waya wake akavilaza sakafuni. Wenzake wakacheka. Nikamwonyesha kwa mkono kinapobana kwenye chuma. Akashtuka: "Kumbe ni ethi!" Ndilo jina la mafundi wa kwetu la kibanio hicho kinachorudisha umeme kwenye mashine. Alikuwa amechomea mageti na mjomba wake tangu ana miaka 13. Ufundi alikuwa nao, kilichokosekana ni jina. Kuanzia hapo nikawapa wote daftari: neno la Kiingereza, neno la kwetu, na mchoro aliochora mwenyewe. Neno la karakanani halisahauliki, kwa sababu mkono umeligusa.

Ila kuwa makini na msaada wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri kila kitu. Nikaugua siku tatu, nikarudi nikaambiwa vijana walikaa tu wakiningoja. Iliniuma sana. Sasa mambo ya usalama, yaani mitungi ya gesi, moshi, macho, nayaeleza kwa Kiswahili mpaka kila mmoja anirudishie kwa maneno yake. Mengine yanaanza kwa Kiingereza, naingia mtu akikwama, maana mtihani wa cheti mara nyingi utakuwa wa Kiingereza.

Kwenye kikao na shule uliza mambo mawili: nani atasimama naye karakanani, na kama darasa hilo linahesabiwa kwenye kuhitimu kwake. Na kama alishika ufundi wowote kabla ya kuja huku, utaje mwenyewe. Sijaona fomu ya shule inayouliza jambo hilo.