Rudini Oktoba kabla hamjalipa

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Kigamboni na tunakaribia kustaafu. Sikukuu ya Pasaka dalali alitupeleka kwenye bonde moja wilayani Kilolo, nusu saa hivi kwa bodaboda kutoka barabara kuu ya Iringa–Morogoro. Kuna nyumba ya vyumba vitatu ya tofali za kuchoma, na ekari sita zinazoteremka mpaka mtoni. Chini kuna vinyungu, yaani bustani za mboga za kando ya mto, juu kuna miparachichi iliyoanza kuzaa. Bei ni milioni 38. Anayeuza ni mtoto wa pili wa marehemu mwenye shamba. Mwenyekiti wa kijiji yuko tayari kugonga muhuri wiki hii hii, na dalali anasema kuna mtu wa Dodoma naye anaitaka. Tumepapenda sana. Tulipe?

Mama wa Wawili

JIBU

Marahaba, mama. Kumbe mlienda Pasaka! Pasaka bonde lolote la Iringa ni bibi harusi. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Mwezi wa nne hata korongo la mawe lina maji. Mimi niliyefanya kazi ya ubwana shamba miaka mingi, niliuziwa ekari mbili mwezi wa tatu kwa sababu ya kijito kilichokuwa kinapiga kelele pembeni. Septemba kijito kile kilikuwa njia ya mbuzi. Jirani akaniambia kwa upole, "Mzee, hicho huwa kinalala." Kwa nini hakuniambia Machi? Sikumuuliza.

Kwa hiyo rudini Oktoba. Msiende na dalali, nendeni wenyewe, mkae na mama mmoja anayemwagilia mboga hapo chini. Muulizeni maji ya mfereji yanakuja kwa zamu ya siku ngapi, na nani yuko juu yenu. Anayekaa juu ya mfereji ndiye mwenye shamba lenu wakati wa kiangazi, hata kama hati ni yenu. Tazameni pia kama jirani wa juu amepanda mikaratusi karibu na chemchemi (huku wengi tunaiita milingoti). Ile miti inakunywa.

Sasa hivyo vinyungu. Najua ndivyo vilivyowavuta, maana mtu wa pwani akiona matuta ya kabichi mabichi anachanganyikiwa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mazoea watu wanalima, na viongozi wakikaza kulinda vyanzo vya maji, vinyungu ndivyo vinavyoguswa kwanza. Pimeni mita 60 kutoka mtoni, mhesabu kilichobaki, na bei muijadili kwa hicho kilichobaki. Na mkifikiria kuweka pampu mtoni, kibali cha kutumia maji mtakiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa mjini.

Halafu hizo ekari sita, nani alizipima? Nadhani dalali, kwa miguu. Huku ekari ni hatua sabini kwa sabini, na hesabu hiyo ni sawa kama hatua ni ndefu, karibu sentimita 91. Hapo unapata mita za mraba 4,000 na kidogo, ambayo ndiyo ekari. Dalali mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 anakupimia mita 52 na nusu kila upande. Zidisha: haifiki mita za mraba 2,800. Ekari zenu sita hapo ni nne na kitu. Nendeni na futi kamba ya mita 50, au mlipeni mpimaji, na majirani wote wanaopakana nanyi wawepo wakati wa kupima. Wakigombana, heri wagombane siku hiyo.

Mtoto wa pili wa marehemu. Hapa ndipo ningesimama hata kama maji yangekuwa yanatiririka mwaka mzima. Yuko wapi wa kwanza? Yuko wapi mama yao? Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Dai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na warithi wote wakubali kwa maandishi. Na mwenyekiti mwenye muhuri wa haraka namheshimu, ila mwenyekiti si halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na uhamisho huo unaidhinishwa na halmashauri ya kijiji yenyewe, watu kuanzia 15 mpaka 25, wakiwa wamekaa kikao chenye akidi na muhtasari uliosainiwa. Ombeni nakala. Mkiwa huko kwa mtendaji, ulizeni kama shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila na lipo kwenye masijala ya ardhi ya kijiji kwa jina la nani. Mkiambiwa kuna "asilimia kumi ya kijiji", ombeni risiti ya serikali, mtaona itakavyopungua.

Hamkutaja makaburi, na mimi siamini shamba la familia la ekari sita lisilo na kaburi. Tembeeni chini ya miti mikubwa. Mkiyaona, yaandikwe kwenye mkataba: mangapi, yako wapi, familia itapita njia ipi kuja kuyafagia. Na miparachichi ihesabiwe, mti mmoja mmoja, iandikwe kwamba imeuzwa pamoja na ardhi. Nimeona mtu akirudi na magunia kuvuna "miti ya baba" miaka miwili baada ya kulipwa.

Nyumba haina neno kubwa. Tazameni nyuma yake kama lile shimo walilochimba udongo wa tofali lilifukiwa, maana masika linajaa maji na msingi unakaa juu ya uji.

Huyo mtu wa Dodoma nimemsikia kwa madalali tangu sijaota mvi. Zamani alikuwa mtu wa Songea. Akitokea kweli akalichukua kabla ya Oktoba, mwacheni alichukue, kisha niandikieni tena. Mkienda, laleni usiku mmoja hapo kijijini. Bebeni masweta.