Daftari la washarika limechakaa: tutumie programu gani?

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Umeuliza programu ya kutunza majina ya washarika na kuwapelekea matangazo, kwa kuwa kundi la WhatsApp haliwafikii wazee.

Usianze kwa kununua chochote. Fungua jedwali moja la Google Sheets: jina, simu, jumuiya, tarehe ya ubatizo na kipaimara, namba ya ndugu wa karibu. Kisha kila kiongozi wa jumuiya ahakiki watu wake, maana yeye ndiye anayejua nani kahama na nani yuko kitandani anasubiri kutembelewa. Hapo ndipo penye kazi hasa. Programu ya bei yoyote ikijazwa namba zisizopatikana haitamfikia mtu.

Wenye simu za batani watumieni SMS za pamoja. Ujumbe usizidi herufi 160, ukizidi mtatozwa kama jumbe mbili. WhatsApp iachieni kwaya na kamati. Hata orodha yake ya matangazo (broadcast list) humfikia tu aliyehifadhi namba inayotuma, na wengi hawalijui hilo.

Mkimpata kijana wa kusimamia seva, yaani kompyuta ya kuendeshea programu, ipo ChurchCRM, programu ya kutunza kumbukumbu za washarika, nayo ni ya bure.

Ninalowasihi zaidi ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Ombeni ridhaa, na habari za sadaka au ushauri wa kichungaji zisikae kwenye jedwali linaloonwa na wote. Akaunti nayo iwe ya usharika, si ya katibu binafsi, ili akihama asiondoke nayo.