Maji yapoe kwanza

Maswali matatu ya mwezi huu yote ni ya chai ya Kijapani, nami nimefurahi kuyapata. Ninaishi Kakegawa, mkoa wa Shizuoka, mwaka wa kumi na moja sasa, na kutoka dirishani jikoni naona matuta ya chai.

*Shikamoo dada. Kaka yangu anasoma Shizuoka. Alipokuja likizo alituletea pakiti ya chai ya kijani. Sisi nyumbani tunalima chai, kwa hiyo tuliisubiri kwa hamu. Nikaichemsha sufuriani kama yetu, nikatia sukari, tukanywa na maandazi. Ilikuwa chungu hata mama akaimwaga. Kaka anasema huko wanainywa na wali na samaki. Kweli chai na wali vinapatana?*
— Msomaji, Tukuyu

Marahaba, mdogo wangu. Vinapatana sana. Kilichoiharibu chai yenu ni yale maji ya kuchemka.

Wewe unayajua majani kuliko wasomaji wengi. Yenu yakifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yageuke rangi kabla ya kukaushwa. Huku hayaachwi yageuke: yakishachumwa tu hupigwa mvuke, ukijani ukabaki. Sencha, yaani chai ya kijani ya kila siku huku, kwa kawaida hupata mvuke wa nusu dakika hivi. Hapa Kakegawa na kwenye uwanda wa Makinohara tunaipa dakika nzima au zaidi, na inaitwa fukamushi. Jani hulainika na kuvunjikavunjika, na kikombe kinakuwa kijani kizito, huoni chini. Kama pakiti ya kaka ina majani yaliyosagika kama vumbi vumbi, usidhani ameuziwa makapi. Ndivyo yalivyo.

Ndani ya jani hilo kuna vitu viwili vinavyovutana. Kuna katekini, inayoleta ukakasi ule wa ndizi mbichi, nayo hutoka kwa wingi maji yakiwa moto sana. Na kuna thianini, yenye utamu wa mchuzi, ambayo hutoka hata kwenye maji ya vuguvugu. Ukichemsha sufuriani, unaukamua ukakasi wote, na ule utamu unafunikwa.

Nami nilianza hivyo hivyo. Wiki yangu ya kwanza kama mkwe niliichemsha chai ya mama mkwe wangu na kuiandalia meza. Aliinywa yote, hakusema neno. Kesho yake asubuhi alinishika mkono akanisogeza karibu na birika, akamimina maji ya moto kwenye kikombe kitupu, akayahamishia kikombe kingine, halafu akaniwekea kile kikombe viganjani. Kila ukiyahamisha, maji hupoa kama nyuzi 10. Ukiweza kukishika kikombe bila kukibadilisha mkono, maji yamekaribia nyuzi 70, mimina kwenye buli. Vijiko viwili vidogo vya majani vinatosha watu wawili. Fukamushi isubiri nusu dakika tu, sencha ya kawaida dakika moja. Gawa kidogo kidogo, huku na huku, ili vikombe vyote vilingane rangi, na ukamue buli mpaka tone la mwisho, maana tone hilo ndilo lililokolea. Majani hayo hayo yanakubali maji ya pili, na hayo yawe moto zaidi.

Sasa wali. Mezani kwetu asubuhi kuna wali mweupe, supu ya miso (soya iliyochachushwa), achari ya figili, na shirasu, yaani vidagaa wachanga wa ghuba ya Suruga waliochemshwa kwa maji ya chumvi. Ladha ambayo Wajapani wanaiita umami unaijua tangu utotoni: ni ule utamu wa mchuzi wa dagaa ulioachwa motoni mpaka ukakolea. Chai nzuri inayo ladha hiyo hiyo. Kwa hiyo dagaa na chai havishindani mdomoni, kimoja kinakiendeleza kingine. Ninyi mna usipa wa Ziwa Nyasa. Uchemshe kwa chumvi kidogo, bila nyanya wala mafuta mengi, ule na wali, na chai ya maji ya nyuzi 70 kando. Ningependa sana mama aionje hivyo kabla hajaikataa chai ya mwanawe.

Maandazi yale na chai ya maji ya pili, bila sukari kikombeni. Utamu ukae kwenye kitafunwa. Jijini Shizuoka kuna abekawa mochi, keki laini za wali wa kunata zilizopondwa, zikaviringishwa kwenye unga wa soya na sukari. Ni tamu kweli, na chai isiyo na sukari ndiyo inayokufanya utake ya pili.

*Assalaam alaykum dada. In shaa Allah nitakuja Shizuoka mwezi wa tano kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nile nini, na chai ipi? Mimi ni Muislamu, na samaki mbichi siwezi.*
— Msomaji wa Mombasa

Waalaykum salaam. Umechagua mwezi, hata kama hukuchagua wewe. Usiku wa 88 tangu majira ya kuchipua yaanze kwa kalenda ya zamani huangukia tarehe 1 au 2 Mei, na siku hizo ndizo za mavuno ya kwanza, shincha. Ukialikwa shambani huenda ukapewa majani machanga yenyewe yaliyochovywa kwenye unga mwepesi na kukaangwa. Kula na chumvi tu.

Usikose sakura ebi. Ni uduvi wekundu wa ghuba ya Suruga, na bandari yao ni Yui. Msimu wa kuchipua huishia mapema Juni, kwa hiyo utauwahi. Huchanganywa na unga na kukaangwa kama bajia, inaitwa kakiage. Hapa ndipo ninapougeuza ushauri niliompa mwenzako wa Tukuyu: chai ya kakiage iwe ya moto, nyuzi 80 na kitu, kwa sababu sasa unautaka ule ukakasi uoshe mafuta ulimini. Ndiyo maana wauza sushi nao hutoa chai ya moto sana. Omba chumvi badala ya mchuzi wa kuchovya, kwani mchuzi huo kwa kawaida hutiwa mirin, ambayo ni pombe ya mchele.

Kwa sababu hiyo hiyo, samaki aitwaye mkunga, wa ziwa Hamana, mwenye mchuzi mtamu, muache. Uliza kama wanaye shirayaki, aliyechomwa bila mchuzi, anayeliwa na wasabi, kiungo kikali cha kijani. Wasabi ya Shizuoka hulimwa kwenye maji baridi yanayotiririka, huko Utogi bonde la mto Abe, nayo ikikunwa papo hapo ina utamu nyuma ya ukali. Mpe mkunga huyo sencha ya milimani, ya Kawane au Honyama, yenye mvuke mfupi. Ni nyepesi, ina harufu ya majani mabichi, haimfuniki samaki. Fukamushi yetu naipenda, lakini pale ingemzidi.

Oden ya Shizuoka, mishikaki ndani ya supu nyeusi, itakuvutia kwa harufu. Supu yake hutokana na mishipa ya ng'ombe, na wa kukuthibitishia kama alichinjwa kihalali hutampata. Samahani kwa hilo.

Ukifika Okabe, upande wa Fujieda, kunywa chai ya kijani iitwayo gyokuro peke yake, bila chakula. Mmea wake hufunikwa kivuli kama siku 20 kabla ya kuchumwa, na maji yake hayazidi nyuzi 60. Ni kidogo, nzito kama supu. Ukimaliza, omba mchuzi wa soya uyale majani yenyewe.

*Dada, mimi bila maziwa sijanywa chai. Kuna ya Kijapani inayokubali?*
— Msomaji, Arusha

Ipo, hojicha. Ni majani ya kijani yaliyokaangwa makavu mpaka yakawa kahawia, yananukia kama karanga zilizotoka motoni. Maji yachemke kabisa, usiyapoze. Ikolee, tia maziwa ya moto, na kipande cha tangawizi ukitaka. Mimi huinywa hivyo jioni za baridi na kiazi kitamu cha kuchoma, na mama mkwe siku hizi anaomba kikombe chake.