Antena janja za mnarani au antena ya nje?

Ndugu yangu wa Kabale, umeuliza kama antena janja za mnarani zitamaliza neti kukwama jioni ama ununue antena yako ya nje. Antena janja ni safu ya vipande vingi vidogo, mawimbi ya kila kimoja yanacheleweshwa kiasi fulani ili yajumlike upande uliko wewe na yafutane kwingine, kwa hiyo mnara unahudumia watu kadhaa kwa masafa yaleyale bila kugongana, na jioni shida mara nyingi ni msongamano sio umbali. Ila kilima kikikuzibia mnara usitegemee sana hiyo.

Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie RSRP, yaani nguvu ya signali ya mnara inayokufikia, hupimwa kwa dBm na ni namba hasi, ikikaribia sifuri ndio nzuri. Ikiwa imeshuka chini ya -110 dBm basi antena ya nje itakufaa, chukua ya waya mbili maana 4G inapokea kwa njia mbili, ifunge juu ya paa ielekee mnara na waya iwe fupi, ndefu inaweza kula signali uliyoipata huko juu. Kama ni -85 hivi na jioni bado inakwama, usitupe pesa, jaribu laini ya kampuni nyingine. Na busta (vifaa vya kukuza signali) zisizo na kibali achana nazo tafadhali, zinaleta kelele mpaka mnarani na majirani wote wanaumia.