Wasomaji Wanauliza: Soko liliomba mtaro, likaletewa lango

SWALI: Ninauza nafaka katika soko la mji mdogo mashariki mwa Uganda. Kila msimu wa mvua maji huteremka kutoka barabara ya juu yakaingia kwenye mabanda yetu, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiomba mtaro. Hivi karibuni mkandarasi alifika, tukafurahi, kumbe amekuja kujenga lango la soko na ukuta. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mpango ulikwisha kupitishwa na kwamba wananchi walishirikishwa. Katika safu yetu nzima hakuna anayekumbuka kushirikishwa. Tulipaswa kusema lini, na je, bado kuna la kufanya?
Mama muuza nafaka

JIBU: Pole sana, Mama, kwa hasara ya mvua. Nitaanza na jambo la haraka. Kama msingi wa ukuta haujamwagwa zege, chagueni wenzenu wawili au watatu mwende wiki hii kwa mhandisi wa baraza la mji, mwombe kuona mchoro, kisha mmwulize maji yanayotoka barabara ya juu yatapita wapi ukuta ukishasimama. Ukuta usioachiwa njia ya maji utalizidishia soko mafuriko. Njia hiyo ikiongezwa sasa ni kazi ndogo, lakini baada ya zege mtaambiwa msubiri bajeti nyingine.

Kuhusu swali la lini, mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, ila maamuzi yake hufanywa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mahitaji ya seli, yaani mitaa midogo kabisa ya mji, na ya wodi zinazoikusanya mitaa hiyo yanapaswa kukusanywa kuanzia Agosti hivi. Mkutano wa bajeti, ambako madiwani, wataalamu na wawakilishi wa wananchi hukaa pamoja, kwa kawaida huwa karibu na Oktoba au Novemba. Na kufikia mwisho wa Mei baraza huwa limekwisha kuipitisha bajeti. Kwa hiyo lango mnaloliona leo liliamuliwa miezi mingi kabla ya lori la kwanza la mchanga kufika, na yule anayeanza kulalamika siku mkandarasi anapofika amechelewa kwa karibu mwaka mzima.

Haki ya kusema mnayo, tena si ya kuombaomba. Katiba ya 1995 inazitaka wilaya ziandae mipango ya maendeleo inayobeba ndani yake mipango ya serikali za ngazi za chini, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, baraza la mji lenyewe ni serikali ya mtaa yenye bajeti yake. Chini kabisa kuna LC1, yaani baraza la mtaa la ngazi ya kwanza, ambalo mijini ni la seli, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa: mwenyekiti na kamati yake ya watu kumi ni watendaji tu. Baraza lenyewe ni wakazi wote wa mahali hapo waliotimiza umri wa miaka 18. Mwenyekiti akiketi na wenzake wanne kwenye kibaraza cha nyumba yake wakaandika kwamba seli imeamua, seli haijaamua chochote.

Hata hivyo, nadhani chanzo cha tatizo lenu ni kingine, nacho sijakisikia kikisemwa vya kutosha. Ninyi mnafanya kazi katika seli moja na mnalala katika seli nyingine. Mkutano wa seli yenye soko huhudhuriwa na wakazi wa nyumba zilizo karibu, ambao maji hayo hayawagusi. Na katika seli mnakoishi, hakuna anayeona sababu ya kuzungumzia soko lililo upande wa pili wa mji. Ongeza kwamba mikutano mingi huitwa mchana, saa ambazo muuzaji hawezi kuacha mzigo wake. Matokeo yake ni kwamba mahali panapoliingizia baraza ushuru kila siku hapana mtu wa kupasemea. Hili naliona kuwa dhuluma, ingawa huenda hakuna aliyelikusudia. Chama cha wafanyabiashara wa soko kinapaswa kupeleka maombi yake kwa maandishi moja kwa moja kwa diwani wa wodi na kwa karani wa mji, ambaye ndiye huongoza kamati ya wataalamu wa mipango, na kuomba kiti katika mkutano wa bajeti. Msingoje mkutano wa seli uwakumbuke.

Mkiandika, andikeni kwa ukamilifu. Katika madaftari ya makatibu utakuta sentensi kama hii: “Wananchi waliomba soko liendelezwe.” Lango ni maendeleo ya soko, ukuta pia. Afisa anayeisoma sentensi hiyo akachagua lango hajavunja neno lenu hata moja, na huenda kweli lango linamsaidia kujua nani amelipa ushuru na nani hajalipa. Linganisha na hii: “Mtaro wa mawe uanzie kona ya kinu cha kusaga posho, upite nyuma ya mabanda ya nafaka, uishie kwenye kalvati la barabara kuu, wenye viwanja viwili vinavyopitiwa wamekubali kuachia nafasi na wametia sahihi.” Sentensi ya pili haiwezi kugeuzwa kuwa lango. Pia inamwondolea mhandisi kisingizio cha kawaida, kwamba ardhi ina mgogoro.

Jueni pia mtaro huo unaweza kulipiwa na mfuko upi, kwa sababu ombi lisilotaja fedha hukataliwa kwa urahisi. Sehemu kubwa ya pesa zinazotoka Kampala huja na masharti: za shule ni za shule, za zahanati ni za zahanati, na baraza haliwezi kuzigeuza hata likitaka. Tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005, mapato ya mabaraza yenyewe yamekuwa finyu, yakitegemea leseni, ushuru wa soko, maegesho na kodi ya majengo. Kinachobaki kwa ajili ya kazi kama mtaro ni mapato hayo pamoja na ruzuku ya maendeleo inayoachiwa baraza lijichagulie mradi, ile inayofahamika kama DDEG. Ombeni mtaro uingizwe humo, na mwulize ni kiasi gani cha ushuru wenu kimerudi sokoni.

Kuhusu madai kwamba mlishirikishwa, ombeni kuona kumbukumbu za mkutano huo na orodha ya waliohudhuria. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Barua iwe ya heshima na fupi: taja mradi, taja hati mnazozitaka, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kumbukumbu hazipo, mtakuwa na hoja nzito ya kupeleka mbele ya madiwani. Na kama zipo zenye majina ya wenzenu, itabidi mzungumze kwanza ninyi kwa ninyi.

SWALI: Tumesikia kwamba kila wodi hupewa shilingi milioni 100. Vijana wa kwetu wanapendekeza tuzitumie kumalizia barabara ya murramu iendayo shuleni. Mwenyekiti amekataa. Je, anatuficha kitu?
Kijana wa boda boda

JIBU: Hapana, ndugu yangu, katika hili mwenyekiti wako yuko sahihi. Pesa hizo ni za Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa, na mijini ndiyo wodi), uliozinduliwa wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Milioni 100 za mwaka hupitia SACCO ya parokia au wodi, zikakopeshwa kwa kaya zilizo katika vikundi vya uzalishaji, kila kaya ikiweza kupata hadi shilingi milioni moja kwa ajili ya kuku, mboga, samaki na shughuli kama hizo, kisha zirudi ili wengine wakope. Zikimwagwa barabarani haziwezi kuzunguka tena. Barabara ya shule ipelekeni katika bajeti ya baraza la mji, kwa utaratibu niliomweleza Mama wa nafaka hapo juu. Jambo mnalostahili kulifuatilia katika PDM ni kama orodha ya waliokopeshwa imebandikwa hadharani, na kama majina yaliyomo ni ya watu mnaowafahamu kuwa wakazi.

SWALI: Kalvati lililowekwa karibu na nyumba yangu limepasuka kabla hata ya kumaliza msimu mmoja wa mvua. Mkandarasi hapatikani. Nimlalamikie nani?
Mzee mstaafu

JIBU: Shikamoo Mzee. Usimtafute mkandarasi, wewe huna mkataba naye. Anayepaswa kumbana ni baraza lililompa kazi, na mara nyingi uwezo huo linao bado. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi hadi kipindi cha kuangalia kasoro kimalizike, na ndani ya kipindi hicho analazimika kurudi kurekebisha kilichoharibika kwa gharama yake. Tatizo ni kwamba wananchi hukaa kimya, muda unakwisha, mkandarasi anapewa cheti cha mwisho na fedha zote, na kalvati lililopasuka linageuka kuwa ombi jipya katika bajeti mpya, ambalo sisi walipa kodi tunalilipia mara ya pili.

Kaangalie kibao cha mradi, kama bado kimesimama: jina la mkandarasi, chanzo cha fedha na mara nyingi gharama na tarehe vimo humo. Kama kimeng’olewa, mwulize karani wa mji. Piga picha za ufa mchana, moja ya karibu na moja inayoonyesha barabara na nyumba za jirani ili mahali pasiwe na shaka. Andika barua kwa karani wa mji, nakala kwa Afisa Mkuu Tawala wa wilaya na kwa diwani wako, ukiuliza mambo mawili: kipindi cha kasoro kinaisha tarehe gani, na je, fedha zilizozuiliwa zimekwisha kulipwa? Ukiwa na ushahidi wa hongo, hilo ni la ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG, nalo uliandikie barua yake peke yake. Usilichanganye na barua ya kalvati, kwa sababu afisa akiona amehusishwa na hongo humo, ataacha ufa akajitetea nafsi yake, na tarehe ya cheti cha mwisho itapita mkiwa bado mnajibizana.